Mwaka Tulioogopa Maji

Chumba nilicholala mwaka ule sasa ni stoo ya karafuu. Koleta alinifungulia mlango siku ya pili ya msiba wa mama yake, akasema, "Ingia tu, mwalimu, ni chumba chako hiki," kisha akarudi uani kuwasaidia wanawake waliokuwa wanachambua mchele. Nilisimama katikati ya magunia, harufu kali ya karafuu imenijaa puani. Dirisha ni lile lile dogo la mbao linalotazama bonde linaloshuka kuelekea Mkuyuni, na msumari niliokuwa natundikia mtandio wangu bado upo. Kaburini sikulia. Niliona haya kulia mbele ya watoto na wajukuu wenye msiba wao. Lakini mle ndani, nilipougusa ukuta unaokitenga chumba kile na chumba cha pili, nilikaa juu ya gunia. Ni miaka mingi, nimezaa, nimezika, nimestaafu, na kumbe bado nauogopa ule ukuta.

Nilifika kijijini pale nikiwa mwalimu mpya kabisa, sijawahi kuishi mlimani. Kwetu ni Dumila, nchi tambarare, ambako ukitaka kujua nani anakuja unatazama barabara tu. Huku Uluguru mtu alikuwa anakutokea ghafla kwenye kona ya njia, katoka kwenye ukungu na mkungu wa ndizi kichwani, moyo wangu unaruka. Shule haikuwa na nyumba ya kumpa mwalimu wa kike, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa Mama Koleta, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, anayecheka kwa mdomo uliofumbwa. Mumewe, Apolinari, ambaye wote tulimwita Baba Koleta, alilima mananasi na pilipili manga. Watoto walikuwa wawili: Koleta, aliyekuwa darasa la saba, na Deo, mdogo bado, ambaye akichoka njiani anadai mgongo. Jioni ya kwanza Mama Koleta aliniuliza, "Mwalimu, wewe Mwislamu, siyo?" Nikamwambia ndiyo. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kusonga ugali. Tangu siku hiyo kitimoto, nyama ya nguruwe, hakikuingia jikoni kwake, ingawa majirani walikipika kila sikukuu, na sufuria alizowahi kukipikia alimpa kaka yake. Hakunieleza lolote. Niliambiwa na Koleta.

Mama Koleta alikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani. Misheni ndiyo iliyomfundisha kazi hiyo, ikampa na begi la buluu lenye glovu, sabuni, mafuta ya mgando na vitambaa. Jumamosi moja nilimsindikiza kwa Mzee Gaspa, aliyekuwa amepigwa na kiharusi na kulala upande mmoja kama gogo. Chumba kilinuka mpaka macho yakanitoka machozi. Mimi nilibaki mlangoni. Yeye alipiga goti kando ya kitanda, akamwamkia shikamoo, akangoja mpaka yule mzee alipofanikiwa kutoa sauti ya kuitikia, ndipo akasema, "Mzee wangu, naomba mkono wako wa kushoto." Hakuushika mpaka alipokubaliwa. Huku anamsugua alimsimulia habari za kijiji: nani kaoa, mbuzi wa nani kala mbegu za nani, padri kahubiri nini na nani kasinzia. Yule mzee, aliyekuwa hawezi hata kumeza mate yake vizuri, alicheka kwa upande wa uso uliobaki. Njiani kurudi nilimwuliza kwa nini anaomba ruhusa hata kwa mtu asiyeweza kukataa. "Sasa mwalimu, mwili si wangu," akasema, kama vile nimemwuliza jambo la kitoto.

Mbwa mmoja alinijia wakati wa mvua za vuli, mchana, natoka shule. Njia inapita chini ya miti ambayo mipilipili manga imeipanda mpaka juu, penye kivuli hata jua likiwa kali. Mbwa anayebweka nilikuwa nimemzoea. Huyu hakubweka. Alikuja kwa mwendo wa upande, kama mlevi, kichwa chini, udenda unamning'inia kama uzi, na macho yake yalinipita kana kwamba sipo. Nilisimama kumpisha. Aliponifikia aliugeukia mguu wangu akaung'ata chini ya goti, akashikilia, hakutoa hata sauti ya kunguruma, na ule ukimya ndio ulionifanya nipige kelele ambazo watu walizisikia mpaka ng'ambo ya kijito. Baba Koleta alikuwa shambani jirani. Alikuja mbio na jembe, akampiga, mbwa akaniacha akamrukia yeye, wakazungushana kwenye matope mpaka jembe lilipomaliza kazi. Kisha alinibeba mimi, mtu mzima na vitabu vyangu, mpaka nyumbani, huku akirudia, "Basi mwalimu wetu, basi, ameshakufa."

Mama Koleta hakuuliza maswali. Alinikalisha kwenye jiwe chini ya bomba la mwanzi lililoleta maji kutoka juu, akachukua mche wa sabuni, akauosha mguu wangu. Aliuosha nikidhani amemaliza, akaanza tena. Alikuwa anaingiza kidole chenye sabuni ndani ya jeraha. Nilimwomba aniache, nikamvuta hata kilemba. "Lia, mwanangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "lia utakavyo, lakini mguu hautoki hapa." Halafu akamgeukia mumewe aliyekuwa amesimama pembeni. "Na wewe? Amekugusa?"

"Mimi? Hii ni miiba ya mananasi."

"Lete mkono nione."

Akaunyoosha. Vidoleni mlikuwa na mikwaruzo, ni kweli, lakini mikono ya mkulima wa mananasi haikosi mikwaruzo. Aliuosha na huo, mumewe akauchomoa kabla hajamaliza, anacheka, akisema sabuni yenyewe inatosha kumwua mtu. Alfajiri yake Mama Koleta alinipeleka mjini Morogoro kuchomwa sindano. Alimwambia mumewe twende wote. Alimwambia ndani, akamwambia tena uani, na mara ya mwisho alirudi kutoka njiani tukiwa tumeshaanza kushuka, kumwomba. Nilimsikia Baba Koleta akijibu bila hasira, "Mama Koleta, pilipili ziko juani na mvua hiyo inakuja. Nani atazianua? Mbwa hakunigusa." Mkewe akarudi kwangu uso umekunjamana, tukashuka mpaka Mkuyuni.

Hospitalini mjini palikuwa na muuguzi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliponichoma nilimwuliza, kwa ujinga wa kutaka kujua kila kitu, nitajuaje kama ule ugonjwa umenipata. Alinitazama akaona kwamba sitalala nisipojibiwa. Aliniambia taratibu kwamba sindano zikimalizika sina haja ya kuhofu, lakini kwa asiyepata sindano huanza pale alipong'atwa: panawasha, panachoma, panakufa ganzi. Halafu koo linakataa maji. Mtu ana kiu lakini akiyaona maji anakabwa. Mwishowe hata upepo humkaba. "Na dawa yake?" nikauliza. Akafunga boksi la sindano. "Dawa yake ni hii uliyochomwa leo," akasema. "Baadaye haipo."

Nilizimaliza sindano zote, nikipanda na kushuka mlima ule kwa kila tarehe niliyopangiwa, lakini maneno yale niliishi nayo kama mgeni asiyeaga. Kila nilipotia udhu nilijichunguza. Nikisukutua nasikiliza koo langu. Maji yakinipita usoni nangoja kukabwa. Mguu ukiwasha kwa mbu, natoka jasho. Darasani niliandika ubaoni nikasahau sentensi katikati, kwa sababu upepo ulikuwa umeingia dirishani na nilikuwa nausubiri unifanye kitu. Mama Koleta aliliona hilo. Hakuniambia nisiogope. Alikuwa ananipa kikombe cha chai, anakaa mbele yangu na chake, anaongea mambo mengine mpaka ninywe yote.

Masika ilikuwa imeanza siku Baba Koleta alipoacha kijiko mezani. Tulikuwa tunakula magimbi na kisamvu cha nazi, chakula alichokipenda kuliko vyote. Alikuwa anajikuna mkono tangu asubuhi. Akasema unawasha kama umemwagiwa pilipili, watoto wakacheka, kwa sababu kazi yake ilikuwa ni pilipili. Koleta alimmiminia maji. Alikishika kikombe, akakiinua, na kabla hakijafika mdomoni shingo yake ilikaza kama mtu aliyekabwa na kamba kwa nyuma. Maji yalimwagika mezani. Akakohoa, akasema, "Yamenipalia," na Deo akampigapiga mgongoni kama alivyofundishwa. Lakini hayakumpalia. Yalikuwa hayajagusa hata mdomo wake. Mimi niliona, nikaikalia mikono yangu chini ya meza.

Nilimfuata Mama Koleta jikoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, ananipa mgongo, anachochea moto ambao haukuwa na chungu.

"Mama," nikasema, "kuna kitu aliniambia yule muuguzi."

"Najua alichokuambia. Nilikuwa nyuma ya pazia." Hakugeuka. "Jana alikataa maji, nikasema labda. Asubuhi akaacha kunawa uso. Sasa nimeona." Akachochea tena. "Usiwaambie watoto. Nipe mpaka kesho nipate pumzi."

Asubuhi mganga wa zahanati alikuja, kijana mwenye sauti ya upole ambaye wote tulimwita daktari. Alimtazama Baba Koleta kwa muda mfupi sana. Akasema tumpeleke mjini, angalau wamtulize, na macho yake hayakukutana na ya mtu. Vijana wa kijiji walifunga machela kwa miti na blanketi, wakamlaza. Mjomba Fidelis, kaka yake Mama Koleta, alitangulia mbele. Mama Koleta alitembea kando ya machela, mimi nyuma. Mgonjwa bado alikuwa na akili yake timamu: aliwaambia wabebaji washike kulia penye utelezi, akamkumbusha Fidelis kufunga mbuzi. Kisha tukafika kwenye kijito. Kilikuwa kimejaa kwa mvua, maji ya rangi ya chai yanapiga mawe, na mlio wake tuliusikia kabla hatujakiona. Yeye aliusikia kabla yetu. Nilimwona anajikunja. Mwili wake wote uliinuka kutoka kwenye machela kama upinde, mdomo wazi, akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa binadamu wala mnyama, na mate yalimruka. Mbebaji mmoja alipiga kelele, "Yameniingia!" Wakamwachia. Machela ikaanguka matopeni. Wakakimbia wote, watu waliokua naye, waliokula naye, wanateleza na kushikana nguo, na mmoja wao alikuwa anaita jina la Bikira Maria.

Tulibaki watatu na yeye. Nilitaka kukimbia. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka, na nasema kweli kabisa kwamba kilichonizuia ni sauti ya Mama Koleta, iliyokuwa ndogo mno: "Mwalimu. Wewe umeshachanjwa." Alikuwa tayari amempanda mumewe kwa goti, amemfunika uso kwa kanga asiyaone maji, na anamwambia kitu kwa Kiluguru, haraka haraka, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeota vibaya. Nikashika miguu. Fidelis akashika mabega. Tukamrudisha nyumbani.

Ndipo chumba cha pili, kile cha upande wa pili wa ukuta wangu, kikawa chake. Watoto walipelekwa kwa Mjomba Fidelis. Daktari wa zahanati alileta glovu na sindano za kumtuliza, na alikuja kila siku, jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Mama Koleta aliziba kila tundu la dirisha kwa matambara, kwa sababu hata upepo mdogo ulimkaba. Mlango tulifungua polepole, kiasi cha kupita kwa ubavu. Mvua ikianza kupiga bati, yeye alianza kutetemeka, na mkewe alikuwa anamziba masikio kwa viganja viwili, uso wake umeugeuza pembeni kuepa mate, mabega yake yale mapana yanatikisika kwa nguvu za yule mwanaume. Kati ya mshtuko na mshtuko alikuwa yeye mwenyewe kabisa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kelele. Alituomba radhi. Aliuliza kama pilipili zimekauka. Siku ya kwanza mle ndani alimwambia mkewe, "Uliniambia."

"Nyamaza, Baba Koleta."

"Uliniambia mara nyingi. Nilidhani ni miiba. Usije ukajilaumu."

Mama Koleta akageuza kitambaa upande mkavu. Alikuwa anamfuta jasho.

Fidelis alileta kamba. Wazee walikuwa wametuma, wakisema mtu yule akitoka ataua watoto. Alisimama mlangoni nayo mkononi, kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, machozi yanamtoka. "Dada, wamesema nisipomfunga mimi watakuja wenyewe." Mama Koleta aliitazama ile kamba. Kisha akageuka, akamwambia mgonjwa waziwazi, kama alivyokuwa anawaambia wagonjwa wake wote. "Baba Koleta, wamekuletea kamba. Unasemaje?"

Alifumba macho kwa muda. "Nifunge wewe," akasema. "Wao wasiingie."

Hakutumia ile kamba. Alichukua kanga zake mbili, zile za doti aliyovaa sikukuu, akazichana vipande virefu. Nilisikia kitambaa kinapasuka. "Naomba mkono wako," akamwambia, na yeye akautoa. Akaufunga kwenye ubao wa kitanda, akaingiza kidole chini ya fundo kuona kama linambana, akalilegeza kidogo. "Naomba na huu." Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, glovu zangu zimelowa jasho ndani, nikamwomba Mungu anitoe mle.

Koleta alitoroka kwa mjomba wake akaja. Nilimkuta chumbani kwangu amesimama, shavu limebandikwa ukutani. Nilitaka kumfukuza, lakini sauti ya baba yake ikapenya kutoka upande ule, nzito na imechoka. "Koleta yuko huko?"

Mtoto hakuthubutu. Nikamtikisa bega.

"Niko, baba."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mtihani wa hesabu?"

"Nimepata."

"Mwalimu wetu, ni kweli?"

"Ni kweli, Baba Koleta," nikasema kwa ukuta. "Amewapita wavulana wote."

Akacheka. Kicheko chenyewe kikamwamsha ule ugonjwa, na yaliyofuata sikutaka Koleta ayasikie. Nilimziba masikio kwa viganja vyangu, kama nilivyomwona mama yake anafanya, mpaka tulipotulia wote wawili.

Baba Koleta alikufa asubuhi mvua imekatika. Daktari alikuwa amemchoma sindano, akalala. Mama Koleta alizifungua zile kanga, akapanda kitandani nyuma yake, akamshika kiunoni, kifua chake mgongoni kwa mumewe. Hapo ndipo nilipomsikia akimwita kwa jina. "Apolinari," akasema. "Apolinari." Alikuwa anamsimulia, kwa Kiswahili sasa, mambo ya shambani, pilipili ipi imechanua na ipi bado, na nadhani alikuwa bado anasimulia wakati pumzi ilipokwisha. Mimi ndiye niliyeona. Sikujua jinsi ya kumwambia, nikangoja mpaka alipofika mwisho wa shamba.

Hakuna mwanaume aliyekubali kumwosha. Nao wanawake hawakuja. Tulimwosha sisi wawili, mjane na binti wa Kiislamu kutoka Dumila, kwa maji yale yale aliyoyaogopa, na alilala chini yake kimya. Katekista alisali akiwa mbali. Watu walizika kwa haraka, na baada ya maziko hakuna aliyekula chakula cha matangani. Ndoo nzima ya maharage tuliwamwagia kuku.

Juzi hapa msibani, nimekaa kwenye mkeka na akina mama, mmoja wao alisema, "Huyu mama hakuwa na woga kabisa," na wengine wakaitikia. Sikubisha. Msibani hapabishwi. Lakini nilimkumbuka katika wiki zile baada ya maziko. Mate ya mumewe yalikuwa yamemgusa, glovu zilichanika, na naye akaanza kwenda mjini kuchomwa sindano zile zile, safari hii mimi ndiye ninayemsindikiza. Kijiji kilimkwepa. Njiani watu walimpisha mpaka wakaingia kwenye majani. Mwanaye Mzee Gaspa alituma salamu kwamba asiende tena, wamepata mtu mwingine, na hawakuwa wamepata mtu. Begi la buluu lilitundikwa nyuma ya mlango. Wazazi wengine waliwakataza watoto wao kunisogelea, nikafundisha darasa lililojibana kwenye madawati ya nyuma. Mama Koleta alipika, alilima, aliwafulia watoto, na wala hakulia. Lakini asubuhi moja niliamka nikamkuta mezani peke yake na kikombe cha maji. Alikuwa anakitazama kama mtu anayetazama nyoka. Akakiinua, akanywa taratibu hadi mwisho, akangoja, mkono kooni. Aliponiona nimesimama hakuona haya. Alisukuma kiti cha pili kwa mguu, akamimina kikombe kingine.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya kwanza kila siku, kabla ya chai, kabla watoto hawajaamka. Tunakaa uso kwa uso. Ninakunywa mimi anaangalia koo langu, anakunywa yeye ninaangalia lake. Sindano zangu nilikuwa nimezimaliza zamani, akili inanijulisha kwamba nimepona, lakini mwili haukuwa unasikiliza akili. Kuna asubuhi maji yalimpalia kweli. Alikohoa, akanitazama, na katika macho yale niliona hofu ya mtu anayewaza watoto wawili na nani atawalea. Nilishika meza kwa mikono miwili. Akamimina tena, jagi linagonga kikombe, akanywa, yakapita. Tukakaa pale muda mrefu hatuwezi kusimama.

Hivyo masika ikaisha, kipupwe kikaingia, na asubuhi za mlimani zikawa za baridi na ukungu. Siku moja kabla jua halijachomoza vizuri mlango uligongwa. Alikuwa mwanaye Mzee Gaspa, kofia mkononi, hatazami juu. "Shikamoo, Mama Koleta. Baba anakuita. Hali chakula kwa mtu mwingine. Anakuita wewe tu." Mama Koleta alisimama na kanga yake ya kulalia. Kisha pakawa na heka heka: wapi sabuni, glovu zimebaki ngapi, Koleta amka umvalishe mdogo wako, mwalimu nishikie begi. Aliondoka karibu anakimbia, yule mwanaume nyuma yake. Mimi nilichelewa shule, nikateremka njia ya pilipili manga nikiwa natafuna gimbi la jana.

Tulikutana nyumbani mchana, jua limepasua ukungu. Alikuwa amechoka, mikono inanukia sabuni, ananisimulia jinsi yule mzee alivyomgombeza, kwa miguno tu, kwa kukawia. Aliketi kwenye kizingiti kuvua ndala. Halafu akageuka kunitazama, ndala moja mkononi.

"Mwalimu," akasema. "Leo hatukunywa."

Nilitazama mezani. Vikombe vilikuwa vimefunikwa kwenye kapu, vikavu. "Hatukunywa," nikasema.

"Wala sikukumbuka."

"Wala mimi."

Akaanza kucheka, siyo kicheko chake cha mdomo uliofumbwa, bali kikubwa, kinywa wazi, na katikati yake kikageuka kuwa kilio. Alilia pale kizingitini kilio chote ambacho hakukilia kaburini. "Nimeogopa, mwanangu," alikuwa anasema. "Nimeogopa mno. Mle ndani nilitaka kukimbia kama wale vijana. Kila siku nilitaka kukimbia." Nilikaa kando yake. Nilimwambia hata mimi. Nikamwomba mkono wake, akanipa, tukalia kama watoto, majirani wakipita njiani wanatuona.

Deo alitokea nyuma ya nyumba na matope magotini. Alitutazama mmoja mmoja, mdomo umeanza kumcheza. "Mama, mnalia nini?"

Mama Koleta alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Hatulii, baba," akamwambia. "Tuna kiu tu. Hebu tuletee maji."